Maji nyuma ya shingo: nilivyopima vinasaba vya mimba nikitokea Tanga

Altrasaundi ilionyesha mtoto ana maji mengi nyuma ya shingo. Kipimo kilisoma milimita 4.1. Daktari akanieleza kwamba kati ya wiki ya 11 na ya 14, ikizidi 3.5 lazima sababu itafutwe. Sababu moja kubwa ni kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Ikiongezeka moja kwenye jozi ya 21, mtoto huwa na hali ya Down, inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili. Akataja na moyo. Hilo ndilo nililolishika.

Wifi yangu akasema nisome dua, madaktari wa siku hizi wanazitafutia mimba ugonjwa. Dua nilisoma. Basi la Dar nalo nilipanda.

Huko nikapewa njia mbili. Moja ni damu yangu mwenyewe, maana ndani yake huelea vipande vya vinasaba vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Sampuli ilisafirishwa nje ya nchi, na bei yake, kwa mshahara wa mwalimu, tusidanganyane, inauma. Nyingine ni sindano ya tumboni kuchota maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15. Hiyo ndiyo yenye jibu la uhakika kuhusu kromosomu. Ya damu hukadiria tu. Ila sindano ina hatari ndogo ya kuharibu mimba, na mimi moja ilikuwa imeshaniharibikia. Mume wangu aliitaka sindano. Tukanuniana, mwisho akasema, "Mwili ni wako, Mama Zuhura."

Jibu la damu likaja: uwezekano mdogo. Nyumbani wakapika pilau. Mimi nikauliza, na moyo je? Kipimo kile hakiuangalii kabisa. Nikang'ang'ania mpaka ukapimwa, mimba ikiwa na wiki 20 hivi, na tundu dogo likaonekana kwenye ukuta kati ya vyumba vya chini. Ndiyo maana nilijifungulia Dar, penye daktari wa watoto usiku na mchana.

Miezi ya mwanzo alikuwa akinyonya huku jasho linamtoka kwenye paji la uso, anachoka upesi. Nikawa namnyonyesha kidogo kidogo, mara nyingi, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki naukagua kuliko salio la simu. Sasa anatembea. Miadi yetu ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Tundu limepungua, halijaziba. Majibu yote, tangu lile la shingo, yamo kwenye bahasha moja, kwa sababu kila daktari mpya huuliza upya.