Bibi na Shairi la Mkonge

Juzi binti yangu amerudi na kazi ya ushairi. "Mama, shairi likitimia vina na mizani, ndiyo limeshakuwa zuri?" Nikamwambia angoje kidogo. Nikavuta lile sanduku la bati, nikatoa daftari langu la kidato cha tatu.

Insha nilizipita haraka: hotuba ya mgeni rasmi, barua kwa mhariri, faida za kufuga kuku. Nikakwama kwenye shairi la mkonge.

"Nchi yetu ya mkonge, uliolisha wazazi," ndivyo linavyoanza. Babu aliletwa Muheza, mkoani Tanga, akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akakata mkonge hadi mgongo ukamkatalia. Zao lenyewe liliingizwa na Wajerumani mwaka 1893, likaja kuwa tegemeo la nchi nzima, kisha kamba za plastiki zikaangusha bei. Nilipopata akili, korona nyingi, ile mitambo ya kuchakata mkonge, zilikuwa zimeota kutu. Uchungu huo ndio nilioutia kwenye beti zangu, na bado nauona humo.

Kando ya mshororo ule wa kwanza, kalamu nyekundu ya mwalimu iliandika: "Mizani 7," yaani silabi saba badala ya nane. Kibwagizo, "Viwanda vimefungwa na vijana hawana kazi," kilipewa alama ya vema.

Nilikwenda nalo kwa bibi jikoni. Alikuwa ameikalia mbuzi, anakuna nazi. Bibi hakujua kusoma, lakini kasida alizishika tangu utotoni, na kwenye maulidi wenzake walimwachia yeye aanzishe.

"Haya, mke mwenzangu, nisomee."

Nikasoma. Akaacha kukuna. Akaanza kugonga ubao wa mbuzi kwa kifundo cha kidole, polepole, akirudia nyuma yangu: "N, chi, ye, tu, ya, m, ko, nge." Ile N aliivuta puani kabla ya kuiachia chi, na kidole kikaigongea pigo lake peke yake. Machicha yalikuwa yamemganda mkononi. "Nane hizo. Nani kasema saba?"

Nikaendelea. Tulipofika kwenye kibwagizo, kidole kikabaki hewani.

"Hapo umenikata pumzi. Hiyo 'na' umeiacha inaning'inia. Nikitaka kupumua, nitapumulia wapi?"

Nikahesabu upya: nane na nane, kumi na sita kamili. Lakini alikuwa na haki. Kituo kilidondokea kwenye 'na', na aliyesahihisha kwa macho hakuweza kukiona. Usiku ule niliandika kwa penseli, na maandishi yapo mpaka leo: "Viwanda vimenyamaza, vijana hawana kazi."

Baadaye nimefundishwa ushairi na watu waliousomea, nami nawaheshimu. Hata hivyo kila ninachoandika, hata kama ni barua ya kazini, lazima nikisome kwa sauti kwanza, nisikie kama mtu atapata pa kupumua. Hilo sikulipata darasani.

Binti yangu nimempa kisa hiki badala ya jibu, naye akaniuliza swali gumu zaidi: bibi alilipenda shairi? Ninachokumbuka ni kwamba ubeti wa babu alinirudishia mara mbili. Mara ya pili hakugonga. Nilipomaliza nikamuuliza, "Bibi, limekupendeza?" Akanituma maji ya kukamulia tui. Sijui hadi leo kama alinyamazia shairi au alimnyamazia mumewe.