Wikiendi Chini ya Mkonga: Nani Aliyeiua Sili ya Ekseli?

Masika yamekata, barabara ya kutoka Sangasanga kupanda Langali, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, imeanza kukauka, na mimi nimeitoa wikiendi hii nzima kwa ajili ya ekseli ya mbele ya gari langu. Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, lile ambalo wengi tunaliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Toleo hili lilitengenezwa katika miaka ya 1990, kabla Toyota haijaweka springi za koili mbele mwaka 1999, kwa hiyo langu bado linakalia springi za mapande mbele na nyuma, na hupiga mgongo wa abiria bila kumbagua mtu. Nililinunua mnadani likiwa limekwisha kutumika kwa muda mrefu kazini, na tangu hapo limekuwa gari la shamba: hushusha kabichi, njegere na viazi kutoka Mgeta, hupandisha mbolea na saruji, na msimu wa mvua huvuka vijito ambavyo kiangazi huwezi hata kujua kwamba vipo.

Tatizo la safari hii lilianza kuonekana mwezi wa nne. Nyuma ya gurudumu la kulia la mbele, pale penye tufe la chuma ambalo gurudumu hugeukia, palikuwa pametapakaa uji mweusi unaonuka oili ya difu (lile boksi la gia lililo kwenye ekseli), na baadhi yake ulikuwa umerukia upande wa ndani wa rimu. Yeyote aliyewahi kumiliki Land Cruiser ya namna hii anaujua uji huo. Ndani ya tufe kuna jointi ya ekseli iliyozungukwa na grisi nzito, na kati ya tufe na bomba la ekseli kuna sili moja ya mpira ambayo kazi yake ni kuizuia oili ya difu isiingie kwenye grisi. Sili ikichoka, oili huingia, grisi huyeyuka, na mchanganyiko huo hutafuta njia ya nje kupitia ukanda wa felti ulio mgongoni mwa tufe. Ukiupuuza, difu hupungukiwa oili, jointi hukosa grisi ya kuishika, na pedi za breki huanza kulowa.

Kuijua sili iliyokufa si kazi. Kilichonisumbua ni kwamba sili hiyo ilikuwa mpya. Ilibadilishwa katika gereji moja kabla mvua hazijaanza, na sili ya mahali pale inapaswa kudumu miaka kadhaa. Ningeweza kulirudisha gari kwa fundi yule yule, naye angeweka sili nyingine kwa nusu siku, na masika yajayo tungekutana tena kwa shughuli ile ile. Ndiyo maana niliamua kufungua mwenyewe, polepole, na kutafuta sababu.

Jumamosi asubuhi tulianza kwa kulipandisha gari juu ya stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe, maana jeki peke yake haiaminiki kwa mtu anayetaka kuingiza kichwa chake chini ya gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Mpwa wangu, ambaye yuko likizo, aliteuliwa kuwa msimamizi wa karai la dizeli, kazi aliyoipokea bila furaha yoyote. Kalipa ya breki, ile inayobana pedi, tuliifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa mpira wake, kisha tukaingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Habu za gari hili zina kile kitasa cha kuzungusha kwa mkono chenye maandishi LOCK na FREE, na nyuma yake kuna nati sita zilizokalia wosha za koni. Wosha hizi ndizo zinazowakatisha tamaa watu wengi, kwa sababu ukishafungua nati zote, habu bado haisogei hata kidogo: koni zimejikaza ndani ya matundu yake, na kadiri unavyochokonoa kwa bisibisi ndivyo unavyoziharibu. Dawa yake ni kipande cha shaba na nyundo. Unapiga studi, ile skrubu isiyo na kichwa ambayo nati hufungwa juu yake, kwa pigo moja fupi, kavu, na wosha inaruka yenyewe. Inabidi pigo liwe la shaba kwa chuma, kwa sababu chuma kwa chuma huharibu uzi wa studi, na studi iliyoharibika ndani ya habu ni kilio kingine. Mpwa wangu aliifurahia hatua hii kuliko zote, na kwa upande wa kushoto nilimwachia yeye.

Baada ya habu kuna nati mbili kubwa zinazofunguliwa kwa soketi ya milimita 54, na kati yake wosha laini ambayo ukingo wake hukunjwa ili nati zisijifungue. Zilizokuwepo zilikuwa na makovu ya tindo pande zote. Mtu alizifungua na kuzifunga kwa kuzigonga, bila soketi, jambo ambalo hufanyika sana, na matokeo yake ni kwamba hakuna anayeweza kusema kwa uhakika beringi za gurudumu zilikazwa kiasi gani. Soketi hiyo si kitu cha bei ya kutisha, na nikiulizwa na mwenye gari kama hili anunue kifaa gani kwanza, nitamwambia anunue hiyo kabla ya kingine chochote.

Jirani yangu, mzee ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa magari ya serikali, alipita saa nne akitoka sokoni na kusimama kwenye uzio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona leo umelivua viatu."

Nilimweleza habari ya sili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikapu chini, na kusema, "Mwalimu, hiyo sili haikufa, imeuawa. Umeangalia kipumulio?"

Sikuwa nimefika huko bado, lakini neno lake lilinipa mpangilio wa siku. Tulipoivuta ekseli nje ya tufe, ile bapa ya jointi ikiwa imeelekezwa juu ili ipite, niliiosha kwa dizeli, nikaikausha, na kupitisha ukucha mahali ambapo sili hukalia. Ukucha ulikwama. Palikuwa na mfereji mwembamba uliozunguka ekseli yote, usioonekana vizuri kwa macho lakini dhahiri kwa kidole, uliochimbwa na mdomo wa sili na mchanga wa miaka mingi. Sili mpya ikikaa juu ya mfereji ule ule wa zamani haina cha kushika. Nilipoitazama sili yenyewe iliyotolewa, nikaona jambo la pili: mdomo wake ulikuwa umekatwa sehemu moja, mkato mfupi, safi, wa aina inayoachwa na meno ya ekseli inaposukumwa ndani kwa haraka bila kushikiliwa na mkono, uzito wake wote ukiilalia sili.

Kisha nikalala chini na kukitafuta kipumulio. Ni kitu kidogo sana, kofia ya chuma juu ya ekseli ambayo mtu anaweza kumiliki gari miaka kumi bila kuijua. Ekseli inapopata joto la safari, hewa iliyomo ndani hutanuka na kutafuta pa kutokea, na kipumulio ndicho mlango wake. Kikiziba, hewa husukuma oili kupita kwenye sili, hata kama sili ni mpya na nzima. Gari likiingia ghafla kwenye maji baridi ya mto, mambo hugeuka: hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na ekseli huanza kuvuta chochote kilichoko nje, yaani maji na tope. Cha kwangu kilikuwa kimejaa udongo mwekundu uliokauka kama tofali, na kofia yake haikuzunguka tena. Oili ya difu nilipoifungulia ikatoka na rangi ya maziwa upande wa chini, ushahidi kwamba maji ya Uluguru yalikuwa yamekwisha kuingia ndani.

Kwa hiyo wauaji walikuwa watatu, na kubadilisha sili peke yake kusingemgusa hata mmoja wao. Sisemi hivi ili kumlaumu fundi. Fundi wa gereji hulipwa kwa kazi, halipwi kwa saa, na akimwambia mteja kwamba atakaa siku mbili akiosha vyuma na kupitisha ukucha kwenye ekseli, mteja huyo atahamia gereji ya jirani kabla ya chai. Sisi wenye magari ndio tunaotaka gari jioni hiyo hiyo kwa bei ya chini, kisha tunashangaa kwamba hakuna aliyetazama juu ya ekseli. Kazi inayohitaji utulivu namna hii inafaa ifanywe na mtu asiyelipwa, na kwa gari langu mtu huyo ni mimi.

Suala la spea nilikuwa nimelimaliza katikati ya wiki. Sili, felti na beringi za tufe niliziagiza kutoka maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Kanuni yangu katika spea si ngumu: pale ambapo kazi ya kufikia kifaa ni kubwa kuliko bei ya kifaa, sibani matumizi. Sili ya bei rahisi iliyofichwa nyuma ya habu, spindo (mhimili ambao habu huzungukia) na jointi ni ubahili wa kupoteza Jumamosi nyingine. Felti nisingeilipia sana, kwa kuwa ni rahisi kuibadilisha kutoka nje. Beringi nilizonunua zimeandikwa Japani, na kwa kuwa maandishi hayo siku hizi huwekwa na yeyote, nilizizungusha sikioni moja moja kabla ya kuzitia grisi.

Za zamani zilistahili kutoka. Kwenye kikombe cha beringi ya chini ya tufe kulikuwa na alama za mistari, kila mstari ukiwa umeachwa na rola moja iliyokuwa ikigonga mahali hapo hapo katika mashimo ya barabara. Alama hizi ndizo zinazolifanya gari liwe na mtetemo wa usukani likipita kwenye shimo kwa mwendo wa kati, na madereva wengi hukimbilia kubalansi matairi bila kujua kwamba chanzo kiko hapa.

Jumapili baada ya ibada ilikuwa siku ya kurudisha. Sili mpya niliigonga taratibu kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana nayo, na nikaiacha isimame milimita moja hivi nje ya mahali pa ile ya zamani, ili mdomo wake ukae juu ya chuma laini na kuukwepa mfereji. Ekseli tuliiingiza watu wawili, mpwa wangu akiinyanyua kutoka nje na mimi nikiiongoza kwa kidole hadi meno yakashika difu. Ndani ya tufe tuliweka grisi yenye molibdenamu, kiasi cha robo tatu, si kulijaza, maana tufe lililojaa hadi juu nalo husukuma sili.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu ni shimu, vile vibati vyembamba vinavyoamua beringi za tufe zikazwe kiasi gani. Kitabu cha Toyota kinataka upime nguvu ya kuligeuza tufe kwa mizani ya springi, likiwa halijaunganishwa na usukani, na mizani niliyonayo ni ya kupimia samaki. Inafanya kazi vizuri kabisa. Tufe lililolegea hutetema, lililokazwa mno hufanya usukani uwe mzito na usirudi wenyewe baada ya kona, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni kibati kimoja chembamba kuliko ukucha. Tulitoa, tukarudisha, tukapima tena, mpwa wangu akasema, "Mjomba, samaki huyu haishi kupimwa," lakini hatimaye mshale ulitulia tulipotaka.

Kipumulio sikukirudisha mahali pake. Nimefunga mpira wa mafuta unaopanda kutoka kwenye ekseli hadi juu ndani ya boneti, karibu na betri, na mwisho wake nimeweka filta ndogo ya mafuta ya pikipiki. Hata maji yakifika kwenye taa, ekseli itavuta hewa kavu.

Jioni tulilipeleka hadi Mzumbe na kurudi. Usukani umetulia, hakuna joto kwenye habu zaidi ya lile la kawaida la mkono kuweza kulivumilia, na gari lilipita juu ya reli bila kutikisa kichwa. Oili ya difu ni mpya, lakini nitaimwaga tena baada ya wiki chache kwa sababu maji hayatoki yote mara moja, na nati za habu nitazikagua siku hiyo hiyo. Mpira wa breki wa kushoto una nyufa na umekwisha kuagizwa. Tairodi endi ya kulia, kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani, ina mchezo mdogo ambao mzee jirani anasema unaweza kusubiri na mimi nadhani hauwezi, kwa hiyo Jumamosi ijayo stendi zitakuwa pale pale chini ya mwembe.