Kitabu pepe hakina karatasi, mbona bei haishuki?

Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu pepe, ilipotoka Marekani mwaka 2007, Amazon iliuza vitabu pepe vingi vipya kwa dola 9.99. Chukua kitabu ambacho jalada gumu lake ni dola 26: hata kwa nakala pepe, mchapishaji alilipwa takriban nusu ya bei hiyo, yaani dola 13, kwa hiyo Amazon ilikula hasara ya kama dola 3 kwa nakala. Mnunuzi alifurahi, naye mchapishaji akahofia jalada gumu litadoda.

Mwaka 2010, Apple ikaja na utaratibu mwingine: mchapishaji apange bei, muuzaji achukue asilimia 30. Bei zikapanda hadi dola 12.99 au 14.99. Piga hesabu: asilimia 70 ya 12.99 ni dola 9.09. Mchapishaji alikubali kupata pungufu kwa nakala (ndiyo, pungufu!) ili kulinda bei ya karatasi. Serikali ya Marekani iliwashtaki Apple na wachapishaji mwaka 2012 kwa madai ya kula njama ya kupandisha bei, na Apple ikashindwa.

Kabla ya kulipa, kumbuka kwa kitabu pepe unanunua leseni tu, yaani ruhusa ya kusoma. Jalada gumu la dola 18 ukiliuza mtumba kwa 6, limekugharimu 12. Kitabu pepe cha 12.99 hukiuzi popote.