Tyubu 8 za mzee mmoja

Nimerudi nyumbani saa tano usiku, mikono bado inanuka spiriti, naandika chapchap kabla sijalala maana kesho nitakuwa nimeshajifanya sikushtuka.

Umeme umekatika mara mbili leo, jenereta ikachelewa kuwaka, mimi nimesimama mbele ya friza ya nyuzi -80 kama mtu anayelinda mahari. Ndani kulikuwa na plazima (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) ya mzee mmoja mvuvi wa dagaa, tyubu 8 za kupimia dawa yake inavyopanda na kushuka kwenye damu: ya kabla ya dozi, halafu ya saa 1, 2, 4, 6, 8, 12 na 24.

Mzee mwenyewe ana maneno. Wiki iliyopita namwamkia shikamoo huku nafungua kanula (kile kibomba cha plastiki kwenye mshipa), ananijibu marahaba mwanangu, ila hii damu mnayochukua mngeniuliza mapema, nyingine nilishaitapika. Alikuwa anatania lakini ni kweli, alishatapika damu, kichocho cha tumbo cha miaka mingi, bandama limevimba mpaka unaliona akilala chali.

Sasa dawa yake ni prazikwanteli, ileile wanayopewa watoto shuleni huku kanda ya ziwa. Unapiga uji kwanza, unasimama kwenye ile fimbo ya kupimia urefu, fimbo inasema vidonge vingapi, kidonge kimoja miligramu 600, lengo ni miligramu 40 kwa kila kilo. Chungu balaa. Na kinachoniudhi ni kwamba nusu ya kidonge haina kazi, molekuli yake ina maumbo mawili kama mkono wa kulia na wa kushoto, wa kulia ndo unaua minyoo, wa kushoto ndo unaochangia sana ule uchungu, basi.

Lakini ninachokipenda kwenye hii dawa (ndiyo, mtu anaweza kupenda dawa) ni njia inayopita. Ikitoka kwenye utumbo inaingia kwenye mishipa ya damu inayoelekea kwenye ini, na humohumo ndimo minyoo ya kichocho cha tumbo inapoishi, kwa hiyo inakutana na dawa ikiwa bado ya moto kabisa, halafu ini linaikamata na vimeng'enya vyake vya saitokromu P450 vinaikatakata, kinachobaki kwenda mwilini ni kidogo, na baada ya saa moja au mbili hivi nusu yake imeshapotea. Kwa mtoto mwenye ini zima huo ni mpango mzuri sana, ndo maana fimbo inatosha.

Kwa mzee wangu je? Mayai ya minyoo yamenasa kwenye ini miaka yote hiyo, yameacha makovu, damu haipiti vizuri, ikajitafutia vichochoro vya pembeni, na vichochoro hivyo ndivyo vilivyopasuka akatapika damu. Dawa nayo inapita hukohuko. Inalizunguka ini, inaingia mwilini bila kuguswa. Tena ukiongeza pombe au homa ya ini B, seli zenyewe zikachoka, mambo yanazidi: kwa wagonjwa ambao ini limeharibika kabisa, kundi C la Child-Pugh (kipimo cha kupanga ini limeharibika kiasi gani), jumla ya dawa mwilini ilishapimwa ikakutwa kama mara 15 ya kawaida. Mara 15, kwa dozi ileile ya fimbo! Mgeuze upande wa pili, mpe mtu anayekunywa rifampisini ya TB, ini linachochewa linakata dawa kwa fujo mpaka kwa baadhi ya watu mashine haioni kitu.

Sisemi watu waiogope, ni dawa salama, mzee alipata kizunguzungu kidogo akaomba chai. Ninachogombana nacho ni sisi kuandika dozi kama vile kila tumbo lina ini moja.

Basi leo jioni naipitisha tyubu ya saa 24 kwenye mashine ya kupimia dawa, ile inayochora mstari unaoinuka ikiiona dawa. Mstari unatakiwa uwe umelala chini, tambarare. Umeinuka. Kilele kidogo lakini kipo, dakika ileile ambayo kilele cha prazikwanteli hutokea. Mwenzangu anasema ni uchafu wa sampuli iliyotangulia umebaki kwenye mashine, na inawezekana kabisa, mimi mwenyewe nilisahau kupitisha tyubu tupu, isiyo na dawa, katikati kwa sababu ya kuhangaika na jenereta.

Kesho asubuhi narudia. Tupu kwanza, halafu ya 24.