Kumiliki na kuwa na

Huwa naumia nikisikia "kumiliki" likitumika kwa kila kitu. Neno hili lina ufalme ndani yake: limetoka Kiarabu, kwenye mzizi m-l-k, uleule uliotupa malkia. Malik ni mfalme. Ndiyo maana milki ni kitu cha mtu na pia ni dola nzima. (Mali inafanana nalo, lakini mzizi wake ni mwingine.)

"Kuwa na" halidai enzi. Nina kalamu: nipo, nayo ipo pamoja nami. Vivyo hivyo nina njaa, nina homa, nina ndugu. Nani amewahi kumiliki homa? Kisha kuna -enye: mwenye shamba, wenyeji, mwenyewe. Hilo "mwenyewe" ndilo nilipendalo kuliko yote.