Mbu sura moja, tabia mbalimbali

Nilipoanza kazi ya kupanga mbu kwa aina zao nilijiona fundi ndani ya siku 2 tu. Anofelesi jike, yule wa malaria, vile vipapasio vya pembeni mwa mrija wa kunyonyea vinalingana na mrija wenyewe, kyuleksi vyake vifupi, aedesi ana miguu ya milia myeupe, kazi imeisha. Kumbe hapo bado hata sijaanza.

Shida ni huyu tunayemwita Anopheles gambiae. Sio mbu mmoja, ni ukoo mzima, na ndani yake yumo gambiae mwenyewe, yumo arabiensis, yumo merus wa maji ya chumvi, yumo quadriannulatus ambaye anapenda zaidi damu ya wanyama na malaria hana habari nayo. Uwaweke chini ya hadubini ukodoe macho mpaka machozi yatoke, huoni tofauti. Miaka ya 1960 watafiti walishtuka baada ya kuwazalisha pamoja, madume waliozaliwa wakawa tasa, ndo ikajulikana kwamba hawa sio kitu kimoja.

Sasa tunafanyaje? Unachomoa mguu mmoja kwa kibano, unautia kwenye kijitubu, unapima DNA. Kwenye jeli vipande vya DNA vinajipanga kwa urefu, na urefu unahesabiwa kwa besi, yaani vijenzi vya DNA: mstari wa besi 390 ni gambiae, wa 315 ni arabiensis. Mguu mmoja tu unatosha, ila usipige chafya, mimi nilipiga na miguu ya safu nzima ikapeperuka, nikaanza upya huku najicheka. Na hata ukipata 390 bado hujamaliza maana coluzzii, ndugu mwingine wa ukoo huo, naye anatoa 390 hiyo hiyo, inabidi uongeze enzaimu ya kukata DNA ndo uwatenganishe. Huyu mpaka 2013 hata jina lake hakuwa nalo, alikuwa anaitwa fomu M basi.

Mtu atauliza, mbu si mbu, kinachowasumbua nini? Tabia jamani! Gambiae mwenyewe anapenda kuingia ndani na kung'ata binadamu, kwa hiyo chandarua chenye dawa kinamkamata vizuri. Arabiensis anang'ata hata nje, ng'ombe akiwepo anamalizana naye. Magharibi mwa Kenya vyandarua viliposambaa gambiae akapungua sana, arabiensis akabaki ndo mwingi. Ukiwa na ramani ya mbu iliyoandika "gambiae" kila sehemu, badiliko kubwa kama hilo hulioni kabisa.

Na hizi ramani mimi huwa naziangalia kwa jicho la pembeni. Nukta inaonyesha mtego ulitegwa wapi, pasipo na nukta haimaanishi hakuna mbu, pengine hakuna aliyefika tu. Tena mtego wa taa ukiuning'iniza chumbani, wale wa nje utawajuaje?

Mfano ni stephensi, mbu wa Asia. Djibouti walimgundua 2012, Ethiopia 2016, na mpaka leo anasambaa. Huyu anazalia kwenye matangi ya maji mjini, sehemu ambayo watu wa malaria walikuwa hawatafuti, halafu kwa haraka haraka unaweza kumwandika gambiae ukaendelea na chai yako. Angalia vipapasio vyake, vina mabaka meupe na vidoadoa.

Siku hizi kwenye lebo sijifanyi najua, naandika "gambiae, ukoo" na tarehe na vipimo vya GPS, jina kamili linasubiri maabara. Kesho sahani ya matundu 96, kila tundu na mguu wake, inaingia kwenye mashine ya kupima DNA, na mlango wa chumba nimeshaubandika karatasi: mwenye mafua asiingie.