Siku ule mshale uliporudi hapo hapo

Jana usiku mdogo wangu kanitumia picha ya skrini, ile alama nyekundu ya RStudio, programu ya kuandikia lugha ya R ya takwimu, inawaka, kaandika "kaka imeganda tangu saa mbili, nizime?" Nikamwambia usizime, haijaganda, inapiga kazi. Basi nikabaki na simu mkononi namkumbuka yule dada wa ofisi ya juu.

Tulikuwa na zile data za kaya, butstrapu juu ya butstrapu, yaani kurudia hesabu ile ile mara nyingi kwa sampuli zinazochotwa upya kwenye data. R yenyewe inaendesha mambo yake kwenye kori moja ya prosesa, kompyuta hata iwe na kori nne hizo nyingine zinakaa tu. Ukisharun modeli, basi, huchori hata grafu, unasubiri huku unaomba umeme usikatike.

Dada akaja akavuta kiti, "hebu nipishe mdogo wangu." Akaandika library(future), kuita kifurushi cha kutuma kazi nyuma, chini yake plan(multisession, workers = 3), yaani R tatu za pembeni, akasema kori moja tukubakishie wewe mwenyewe. Akaigawa butstrapu mafungu matatu, kila fungu kwenye future() yake, na kila moja akaiwekea seed = TRUE, maana bila hiyo namba za bahati nasibu za mafungu huwezi kuziamini. Enter. Mshale, ile alama > ya R inayosema iko tayari, ukarudi hapo hapo! Nikajua imekataa. Akanifungulia Task Manager, nikaona R tatu mpya zimejitokeza, kila moja inasukuma kori yake, na feni ikaanza kuvuma. Akaandika resolved(f1), kuuliza kama fungu la kwanza limeisha, ikajibu FALSE, bado. "Acha zipike, wewe endelea," akaniambia, na kweli nikachora histogramu ya umri wa wakuu wa kaya huku hesabu zinaendelea nyuma, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye R. Tukauliza tena, FALSE, tukauliza tena, TRUE. value(f1), majibu yakamwagika. Nilimshika mkono yule dada kwa furaha.

Tangu hapo kazi zangu nyingi nazituma nyuma. Ila siyo zote, kwa sababu hiyo multisession inafungua R mpya kabisa na kila moja inapewa kopi yake ya data inayohitaji, faili likiwa kubwa RAM inajaa na loop ya kawaida, ile ya kurudia hesabu moja moja kwa zamu, inaweza kumaliza mapema. Na kuna hili bado linanisumbua: zamani nikisubiri modeli nilikuwa nasoma madodoso ya karatasi moja moja, nikawa nazijua zile kaya. Siku hizi sisubiri, na madodoso sijayafungua muda mrefu.